Nilivyotibu moyo wa mama yangu kwa nusu ya notes

Wakuu, nawasalimu wote, mnaosoma mkiwa kazini mkijifanya mna shughuli na mnaosoma mkiwa kwenye foleni.

Mimi ni msomaji wa kimya humu kwa miaka mingi. Juzi nilikutana na uzi wa kijana anayewapangia wazazi wake dawa kwa kuangalia video, na aibu yangu ya zamani ikanipanda mpaka masikioni. Nikaona heri niandike.

Yote haya yalinipata mimi mwenyewe, sijatia chumvi mahali popote. Anayetaka kunicheka anicheke. Nimejicheka zaidi ya miaka thelathini na bado sijamaliza.

Twende.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa second year chuo kikuu, Nairobi, nachukua BSc. Siyo udaktari. Narudia kwa wale wa nyuma: siyo udaktari. BSc ya kawaida, biochemistry na zoology.

Kukatokea mgomo, chuo kikafungwa, tukaambiwa twende makwetu tungoje kuitwa. Nikarudi Kisumu na begi la nguo na katoni nzima ya notes. Katoni ndiyo niliyobeba begani, upande ambao watu wangeiona vizuri.

Kwetu ilikuwa nyumba ya kupanga Migosi, vyumba viwili. Baba alikuwa amefariki nikiwa form two. Mama aliuza nguo za mitumba za watoto soko la Kibuye, na hizo nguo ndizo zilizonisomesha, mimi mtoto wake wa pekee.

Nilimkuta mama ana ugonjwa ambao hakuniandikia kwenye barua. Miezi michache kabla, alianza kukosa pumzi akitembea. Miguu ikavimba. Akawa analala ameegemea mito mitatu, kwa sababu akilala chali anahisi kama anazama.

Hospitalini walimwambia misuli ya moyo imelegea na kupanuka, haisukumi damu inavyotakiwa. Wakampa dawa mbili. Moja ni kidonge kidogo cheupe kinaitwa digoxin, cha kuupa moyo nguvu. Nyingine ni ya kutoa maji mwilini, ile ukimeza unakaa karibu na choo.

Pia walimwambia aache chumvi ya duka, lakini mboga na ndizi aendelee kula.

Sasa sikilizeni hapa, kwa sababu hapa ndipo panaponiuma. Mimi nilipofika, mama alikuwa ANAPATA NAFUU. Miguu ilikuwa imepungua uvimbe. Mito ilikuwa imebaki miwili. Alikuwa ameanza tena kwenda sokoni nusu siku. Mgonjwa alikuwa njiani kupona, kisha akafika msomi.

Ngoja nieleze jambo moja kwa vijana wa siku hizi. Wakati ule mtaani kwetu, mtu yeyote aliyesoma kitu chenye test tube aliitwa Daktari. Siku ya pili tangu nirudi, jirani yetu Mama Akinyi, aliyeuza mboga karibu na kibanda cha mama, akaniita, "Daktari, umerudi?" Ningeweza kumwambia, "Mama, mimi nasoma BSc." Ingechukua sekunde tatu.

Nilimjibu, "Nimerudi, Mama."

Kufikia wiki ya pili nilikuwa nimeshatazama koo la mtoto, goti la fundi viatu na upele wa mzee mmoja mahali ambapo sitaki kupakumbuka. Wote niliwaambia wanywe maji mengi. Wengi walipona, na hiyo ilizidi kuniharibu.

Jioni moja, mapema, bado kuna mwanga, mama akaniuliza, "Nyathina, hii dawa ndogo hivi, inafanya nini kwa moyo?" Nyathina ni mwanangu kwa Kijaluo.

Wakuu, ilikuwa kama mtu ameniwekea wembe mkononi.

Nikachukua mkaa, nikachora ukutani. Nikamwambia ndani ya msuli wa moyo kuna nyuzi za aina mbili, nyembamba na nene. Moyo unapodunda, nyuzi nene zinazishika zile nyembamba na kuzivuta, zinaachilia, zinashika mbele kidogo, zinavuta tena. Kama watu wanaovuta wavu mkubwa kutoka ziwani, mkono baada ya mkono, mpaka wavu unafika nchi kavu.

"Na nani anawaambia wavute?" mama akauliza. Swali zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa chuoni.

"Kalsiamu," nikasema. "Kalsiamu ikiingia ni kama mtu amepiga kelele Harambee! Wote wanavuta. Ikitolewa, wanaachilia, moyo unapumzika. Moyo wako ukilegea, maana yake wavutaji wamechoka. Hii dawa inafunga pampu moja kwenye ukuta wa seli, ile ya kutoa sodiamu nje. Sodiamu ikijaa ndani, kalsiamu nayo inakosa njia ya kutoka, inabaki nyingi. Kwa hivyo Harambee inapigwa kwa nguvu zaidi."

Mama alishika shavu, akatazama mchoro, akanitazama mimi. Kesho yake akaita wanawake watatu wa kanisani, Mama Akinyi akiwa mmoja wao, waje wasikie. Nikarudia yote, safari hii na majina ya Kiingereza, actin, myosin, na mengine ambayo hayakuhusika.

"Yawa, huyu mtoto amesoma!" Mama Akinyi akasema. "Mpaka anajua vitu iko ndani ya moyo kama alikuwa huko!"

Niliongezeka urefu hapo hapo.

Sasa niwape siri ambayo sikuwaambia wale akina mama. Siku lecturer alipofundisha hiyo topic, mimi nilikuwa kwenye mashindano ya kurusha vishale, darts, ya hostel. Notes nilinakili kwa rafiki yangu. Alikuwa anataka kitabu chake upesi, nami nilikuwa na njaa. Nikafika kwenye mshale wa kalsiamu kupanda juu, nikaona imebaki karibu ukurasa mzima, nikaandika "etc."

Nilikuwa nimechora nusu ya ukuta.

Wanasayansi wa humu mmeshaanza kucheka. Wengine vumilieni, tutafika.

Baada ya sifa zile, nikaona haitoshi kueleza, lazima nitibu. Nikakaa na peni nikawaza. Kama kalsiamu ndiyo inayoamrisha moyo, basi mama ale kalsiamu. Na kalsiamu iko wapi Kisumu? Kwenye omena, samaki mdogo anayeliwa na mifupa yake yote. Nikaagiza omena asubuhi na jioni.

Ndizi nikazipiga marufuku, eti zinaongeza uzito na moyo hauwezi kubeba. Mboga nikasema zichemshwe mara mbili na maji yamwagwe mara zote mbili, ili chumvi itoke.

Halafu nikaingia jikoni.

Nyuma ya mlango wa jikoni mama alikuwa na mkebe wenye matundu chini, umejazwa majivu ya maganda ya maharagwe. Dada yake aliyeishi karibu na Katito ndiye aliyekuwa akimtumia hayo majivu. Unamimina maji juu, yanapita kwenye majivu na kudondoka polepole kwenye sufuria, yana rangi kama chai nyepesi. Hiyo ndiyo kado. Mboga kama mrenda ukipika bila kado, kwetu tunaona hujapika.

Nikauliza, "Mama, hii ni nini?" Kana kwamba sikuwa nimekula hiyo kitu tangu nitoke meno.

"Kado. Kwani Nairobi imekusahaulisha?"

"Mama, hiyo ni chumvi. Umekatazwa chumvi."

"Hii ni jivu tu. Daktari alisema chumvi ya duka. Mboga alisema nikule."

"Jivu lina chumvi, na chumvi ni chumvi. Huyo daktari anaona watu wengi kwa siku, hana time ya kufikiria mambo ya molecule."

Mama akafuta mikono kwenye leso. Kisha akasema, "Haya. Kama umesema."

Nikabeba sufuria, nikaenda kuimwaga nje karibu na mtaro. Nilimwaga taratibu, kwa heshima, kama mtu anayeokoa maisha. Mkebe wa majivu nao nikautupa.

(Nilikuwa nimeenda kuchukua chai. Naona kuna mkuu ameshauliza hapo chini kama kado kweli ni chumvi. Ni chumvi ndiyo, mkuu, lakini chumvi ya nani? Kaa hapo hapo.)

Wiki ya kwanza hakuna kitu. Wiki ya pili mama akaanza kulalamika miguu haina nguvu, vigimbi vinakaza akiinuka. Nikamwambia ni uzee, na mwanamke hata hamsini hakuwa amefika.

Wiki ya tatu chakula kikamshinda. Akiona omena anageuza uso. Nilifikiri ni omena zimemchosha, na kusema kweli zilikuwa zimenichosha mimi pia. Akaanza kutapika asubuhi. Nikamkorogea glucose.

Dawa zake zote mbili hakuacha hata siku moja. Nilikuwa namsimamia mwenyewe nikihesabu vidonge.

Halafu likaja jambo la vitambaa. Akina mama wa kanisa walikuwa na vitambaa vyeupe vya kichwa vya kuimbia, na zamu ya kuvifua ilikuwa ya Mama Akinyi. Siku moja mama akavitazama vimeanikwa kwenye kamba akasema, "Kwani ulifua na maji ya mtaro? Mbona iko manjano yote?"

Mama Akinyi akaja juu. "Manjano wapi? Angalia vizuri, Mama. Hii ni nyeupe kama maziwa!"

"Hata maziwa yenyewe iko manjano siku hizi," mama akajibu.

Walibishana pale kwenye bomba mpaka majirani wakatoka. Watu hawa walikuwa marafiki kabla mimi sijaota ndevu, na sasa hawasalimiani kwa sababu ya vitambaa. Nikaitwa mimi, Daktari, nitatue.

Nikavuta kope la mama chini, nikatazama jicho. Jeupe kabisa. Nikatangaza mbele ya watu kwamba hii siyo homa ya manjano, ni upungufu wa vitamini A unaosumbua macho. Nikamletea mafuta ya samaki. Nilivyokuwa nimejiamini, hata Mama Akinyi alikubali yaishe hapo.

Na mapigo ya moyo je? Nilipima, wakuu, msidhani sikupima. Kila asubuhi nilishika mkono wake nikitazama saa yangu. Yalikuwa yakishuka siku baada ya siku. Sitini, hamsini na nne, arobaini na sita. Mengine yalikuwa yanaruka, linadunda moja, kimya, halafu mawili kwa pamoja.

Nilichora graph. Juu yake nikaandika kwa Kiingereza kwamba moyo unafanya kazi kwa ufanisi zaidi. Nilimwambia mama, "Sasa una moyo wa mwanariadha." Akatabasamu, midomo imekauka, na mimi nikaridhika nikaenda kunywa chai.

Mchana wa siku iliyofuata nilikuwa nyumbani nikipaka rangi ule mchoro wa ukutani. Nikasikia jina langu tangu barabarani.

"Daktari! Daktari, kuja! Mama yako ameanguka!"

Alikuwa Mama Akinyi, amekimbia kutoka Kibuye mpaka Migosi, kiatu kimoja hana. Mama alikuwa ameinama kufungua bunda la nguo, hakuinuka. Wauzaji wenzake walimpakia kwenye pickup iliyoleta kabichi, wakampeleka hospitali.

Mnajua mimi nilibeba nini nikikimbilia hospitali? Sikubeba leso wala chupa ya maji. Nilibeba faili la notes, na lile graph.

Nilimkuta kitandani, jasho la baridi, macho yamefunguka nusu. Kulikuwa na muuguzi mkuu wa wodi, mama mnene, mtulivu, ambaye kila mtu alimwita Sister. Alikuwa ameshika mkono wa mama kwa vidole vitatu. Alikaa hivyo dakika nzima bila kunitazama.

"Anakunywa dawa gani?" akauliza.

Nikamtajia zote mbili, na milligram zake.

"Anaona vitu manjano?"

Nikashtuka. Sikuwa nimemwambia. "Ndiyo, lakini hiyo ni vitamini A..."

"Anatapika?"

"Ndiyo."

"Anakula mboga? Ndizi?"

Mama mwenyewe ndiye aliyejibu, kwa sauti ndogo. "Ndizi nilikatazwa. Mboga nakula, lakini maji tunamwaga. Na kado nilikatazwa."

Sister akageuka. "Nani alikukataza kado?"

"Daktari."

"Daktari gani hapa anakataza mtu kado?"

Mama akanyoosha kidole. Polepole, na nina uhakika kwa fahari, akaninyooshea mimi.

Sister akanitazama kutoka viatu mpaka kichwa. "Wewe ni daktari?"

"Niko chuo kikuu."

"Unasoma medicine?"

"BSc."

"BSc ya nini?"

"Biochemistry. Na zoology."

"Zoology," akasema Sister. "Hiyo si ya wanyama?"

Wagonjwa wa vitanda vya jirani walikuwa wamegeuka kututazama. Mgonjwa mmoja, na mguu wake umetundikwa, alijifunika shuka usoni na shuka likawa linatikisika.

Sister akaenda kumwita daktari. Wa kweli. Alikuwa mzee mwembamba, miwani yake imefungwa kwa uzi. Jambo la kwanza alilofanya ni kuagiza digoxin isimamishwe. Wakamuunganisha mama na mashine ya kupima moyo, karatasi ikatoka na milima isiyolingana hata kidogo. Wakachukua damu ikapelekwa maabara.

Kisha akanivuta pembeni. Hakupaza sauti, na ningependa sana angepaza.

"Moyo wa mama yako unaweza kusimama saa yoyote leo," akasema. "Nataka ujue hivyo ndio usiniambie kesho sikukwambia."

Wakuu, nimeishi mengi baadaye, nimezika watu, nimefukuzwa kazi. Sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa pale. Nilikuwa na mzazi mmoja tu duniani, na nilikuwa nimemfanyia hesabu mpaka karibu na kaburi, tena kwa mwandiko mzuri.

Majibu ya maabara yalipokuja, mzee akayasoma, akatikisa kichwa. Akaona faili langu. Akachukua kipande cha boksi la glavu, akanipa na peni.

"Chora," akasema. "Hii dawa inafanya kazi namna gani?"

Nikachora. Seli, pampu, sodiamu ndani, kalsiamu juu, nyuzi zinavuta. Nikafika pale nilipofika siku zote, nikaacha.

"Endelea."

"Hapo ndipo mwisho."

"Hapo ni katikati," akasema. "Hii pampu inatoa sodiamu nje. Na inaingiza nini?"

Sikujua. Hiyo ndiyo ilikuwa etc.

Akachukua peni akachora upande wa nje wa ukuta, mahali ambapo mimi sikuwa nimeweka kitu chochote. "Potasiamu. Potasiamu na hii dawa zinagombania kiti kimoja kwenye pampu. Potasiamu ikiwa ya kutosha, dawa inapata viti vichache tu, na hivyo vichache ndivyo tunavitaka. Potasiamu ikiisha, dawa inakalia viti vyote. Kidonge ni kile kile, hakuna mtu ameongeza. Lakini sasa ni sumu, ndio maana anatapika na kuona vitu manjano."

"Na potasiamu yake imeisha kwa sababu gani?" nikauliza, ingawa nilikuwa nimeshaanza kujua.

"Dawa ya maji inaitoa kwa mkojo kila siku. Ndio maana tulimwambia akule mboga na ndizi. Na hayo majivu ya maharagwe, hiyo kado, karibu yote ni chumvi ya potasiamu. Chumvi ya duka ni sodiamu. Mama yako alikuwa anajitibu jikoni bila kujua jina la kitu. Wewe ukaenda ukamwaga."

Akaniambia kalsiamu ikizidi ndani ya msuli haileti nguvu tena, inaleta vurugu. Ni kama watu wa wavu wanasikia Harambee kutoka pande kumi kwa wakati mmoja, huyu anavuta, yule anaachilia, na wavu hauendi popote. Hayo ndiyo mapigo yaliyokuwa yakiruka chini ya vidole vyangu, nami nikayaita ya mwanariadha. Kuhusu omena akasema hazikuleta madhara, wala hazikuwa na kazi yoyote. Mwili haupeleki mifupa ya omena moja kwa moja kwenye moyo kwa sababu mwanafunzi ameomba.

"Ulichochora ni sahihi," akamaliza. "Asiyejua kitu angemwacha mama yake akule mboga yake."

Mama alipewa potasiamu ya kunywa, chungu mno, kila akimeza anakunja uso wote. Mama Akinyi alikuja kila mchana na ndizi mbivu na mboga kwenye chombo, amepika kwa kado yake mwenyewe. Hakunisemesha. Alikuwa akiniwekea chombo mkononi kisha anageuka kuongea na mama.

Siku mbili za kwanza nilikaa kwenye kiti kando ya kitanda nikitazama shingo yake, ule mshipa unaodunda. Nikiuona nahesabu, nikikosa kuuona nasimama. Niliomba Mungu kwa lugha zote tatu ninazojua. Nilimwambia akiniachia mama yangu, sitafungua mdomo tena juu ya mwili wa mtu yeyote.

Siku ya tatu mapigo yakaanza kulingana. Siku ya tano, asubuhi, Sister alipita na mama akamtazama kwa muda. "Sister," akasema, "hii kofia yako ni nyeupe kweli kweli."

Sister akacheka kwa mara ya kwanza. Siku hiyo hiyo mama akamwomba Mama Akinyi msamaha kwa mambo ya vitambaa, wakashikana mikono, wakalia kidogo, wakaanza kunisema mimi kana kwamba siko.

Mama aliruhusiwa baada ya wiki mbili, digoxin ikarudishwa kwa dozi ndogo, chakula chake kikarudi kama kilivyokuwa. Dada yake akaandaa majivu mengine. Safari hii nilitumwa mimi kuyachukua Katito, na nikaenda bila swali.

Mtaani jina la Daktari lilibaki, lakini sasa watu walikuwa wakiliita huku wanacheka. Fundi viatu alikuwa akiniona ananiuliza kama viatu vyake vina upungufu wa vitamini. Nilistahili.

Somo ni rahisi na mmeshaliona. Moyo wa mtu hauendeshwi na kitu kimoja. Ni sodiamu, potasiamu, kalsiamu, na mengine ambayo mpaka leo siyajui, yanashikiliana, ukisukuma moja lingine linasogea. Kama mzazi wako yuko kwenye dawa za moyo, usibadilishe dozi wala chakula kwa sababu umesoma kitu. Muulize aliyemwandikia. Na akikwambia anaona rangi ya manjano, usimpe mafuta ya samaki, mkimbize hospitali.

Lakini si hilo lililonifanya nikae hapa niandike mpaka chai ipoe.

Siku ya mwisho wodini, tukingoja karatasi za kutoka, nilimuuliza mama kitu nilichokuwa nikikiwaza tangu alazwe. "Mama, wakati nilipomwaga kado, ulijua nimekosea?"

"Nilijua," akasema. "Mama yangu alikula hiyo kitu mpaka akazeeka. Na daktari alikuwa ameniambia."

"Sasa kwa nini ulikubali?"

Alikuwa anafunga leso yake, hakuharakisha. "Ulikuwa unaongea mzuri sana, nyathina. Baba yako alikufa kama hajakusikia ukiongea hivyo. Mimi nikasema, mimi nimebahatika, wacha nisikie. Ningekukatalia, ungenyamaza."

Nilitoka nje mpaka kwenye bomba la wodi, nikafungua maji nikajifanya naosha uso. Sikurudi mpaka waliponiita.

Mama aliishi miaka mingine kumi na moja. Katika hiyo miaka, kila nilipotaka kumshauri jambo, nilijifunza kumuuliza kwanza yeye anaonaje, kisha kunyamaza mpaka amalize.

Ni hayo tu, wakuu. Madaktari wa kweli mlioko humu, mahali nilipochora vibaya nirekebisheni, safari hii nasikiliza. Na ninyi wengine, kama mna mzazi nyumbani ambaye anakubali kila mnalomwambia, naomba mwandike hapa chini: mna hakika anakubali kwa sababu mko sahihi?